Baba Aliyeniita Wuora

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa mtaa wa Manyatta kabla simu hazijaingia mifukoni, mtoto hakutafutiwa jina kwenye filamu. Jina lilimjia lenyewe, na mara nyingine lilikuja kwa fujo. Mimi naambiwa nililia siku nne bila kupumzika. Nilikataa kunyonya, nikakataa maji ya sukari, nikawanyima majirani usingizi hadi wakaanza kuulizana kama huyu ni mtoto au ni adhabu. Siku ya nne nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani, aliniweka mapajani akaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa mume wake, Ogola, nikanyamaza. Nikanyonya, nikalala. Hivyo ndivyo nilivyokuwa Ogola. Mwanangu Felix nilipomsimulia hayo, aliniuliza kama Dani hakujua kuna dawa ya gesi ya tumbo.

Mtoto aliyebeba jina la babu kwetu si mtoto wa hivi hivi. Baba yangu, Zablon, hangeweza kuniita Ogola, kwa sababu hilo lilikuwa jina la baba yake, na mtu hamwiti baba yake kwa jina. Aliniita Wuora, ambalo kwa Kijaluo maana yake ni baba yangu. Lilikuwa neno la mzaha na la mapenzi, na akilisema mdomo wake ulipinda upande mmoja kwa kicheko. "Wuora, kuja ukule." "Wuora, hii kikombe imevunjwa na nani?" Na akishajua kikombe kimevunjwa na nani, alimtandika baba yake huyo bila huruma.

Yule Ogola wa kwanza sikumjua. Alikuwa mvuvi wa Seme, na asubuhi moja, baba akiwa kijana wa miaka kumi na sita, babu huyo aliingia ziwani peke yake na mashua ikarudishwa na upepo bila mtu. Mwili haukupatikana. Kwetu mtu akipotea majini namna hiyo, huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, la kijivu, na hulazwa kaburini likafunikwa shuka na kuliliwa kama mtu. Tulipokwenda nyumbani Krismasi tulicheza karibu na kaburi hilo, na Dani alitukemea tusilikanyage, ingawa sote tulijua chini kuna tunda. Baba alinunua samaki, alikula samaki, alisifu samaki, lakini tangu siku ile hakukanyaga mashua. Aliondoka Seme akaja mjini kujifunza ufundi wa baiskeli, chombo ambacho, kama alivyosema mwenyewe, kikiharibika unashuka na kutembea.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, ubavuni mwa bomba la maji, na pale ndipo nilipokulia. Mpaka leo harufu ya gundi ya tyubu ikinipitia puani nasimama. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, kwenye vumbi, tukasukuma rimu zisizo na tairi kwa kijiti, tukafunga mpira wa juala, yaani mifuko ya plastiki, kwa kamba za katani na kuupiga hadi giza. Jioni tulitumwa kununua mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta yaliyokaangwa, mifupa mitupu yenye nyama kidogo ambayo ilihitaji subira na ulimi mwerevu. Leo mtoto akiwekewa samaki mzima anauliza mbona ana miiba. Tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe, tukaenda nayo shuleni mfukoni mwa kaptula, na mfuko ukitoboka uliacha mbegu njia nzima. Shuleni nako, ukishikwa unaongea Kijaluo ulivalishwa kibao shingoni, na mimi nilikivaa sana kiasi kwamba monita aliacha kunitafuta, akawa ananiletea.

Baba alikuwa mkali wa kawaida, yaani mkali wa enzi zile. Alikuwa na kipande cha tyubu alichokiita Mwalimu, kikining'inia msumarini. Ukikosa, alikuambia umlete Mwalimu, nawe ulikwenda kumleta mwenyewe huku ukilia njiani. Msemo wake ulikuwa mmoja, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na aliusema hata pale ambapo haukuhusika, mfano mtu akimwaga chai. Lakini jioni alinipakia kwenye mtalimbo wa baiskeli, kidevu chake juu ya utosi wangu, na tukienda hivyo kuelekea nyumbani nilihisi kifua chake kikitetema mgongoni kwangu alipopiga mluzi. Sikujua kwamba hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kunyang'anywa.

Nilipokuwa na miaka kumi mvua zilinyesha hadi mto Nyando ukavunja kingo na barabara ya Ahero, iendayo kwao mama, ikakatika. Ilikuwa miaka ile ile ambayo gugu maji lilikuwa limeanza kuliziba ziwa. Mama alikuwa ametangulia kwao Kendu kumuuguza mama yake, na juma la pili ikaletwa habari kwamba nyanya huyo amefariki. Mkwe asipofika matangani kwetu atatajwa mpaka wajukuu wazeeke. Baba alikaa siku nzima kibandani akizungusha gurudumu moja ambalo halikuwa na kasoro. Kesho yake alinunua mikate sita, sukari, majani ya chai na jogoo mwekundu, akanishika mkono, tukashuka hadi ziwani kutafuta mashua. Mkono wake ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Mwenye mashua, kijana mmoja mchangamfu aliyeitwa Okello, alimwona akasema, "Mzee, hii ni masaa matatu tu. Hata chai haitapoa." Tulikuwa abiria wawili peke yetu.

Katikati ya safari mashine ilikohoa ikazima. Okello aliinua mashine, akakata mizizi iliyojisokota kwenye panga lake, akaiwasha tena, ikazima tena. Tulipoinua macho gugu lilikuwa limetuzunguka. Halikuja kwa kishindo. Lilikuwa mbali, kisha likawa karibu, na hakuna aliyeliona likitembea. Kufikia saa tisa hatukuona maji tena upande wowote. Tulikuwa katikati ya shamba la kijani lenye maua ya zambarau, zuri kupindukia, na mashua yetu imepandwa humo.

Sijui niwaeleze vipi ukimya ule. Mtu wa mjini anadhani ukimya ni kukosa kelele. Ule ulikuwa na sauti yake, kama mtu anayemeza mate, huku na kule, chini ya majani. Tulikuwa tunasogea bila kuhisi tunasogea. Mlima Homa tuliuacha mkono wa kulia jioni, na asubuhi tukaukuta kushoto. Baba aliutazama muda mrefu kisha akageuka akaupa mgongo. Tulikula mikate, tukalamba sukari, tukanywa maji ya ziwa kwa kopo. Mikate ya chini ililowa siku ya pili ikaota ukungu. Siku ya tatu Okello alisema pwani haiwezi kuwa mbali. Alichukua ubao wa kukalia, akaulaza juu ya magugu, akajilaza juu yake kifudifudi na kuanza kujisukuma kwa mikono. Alituambia tuwe tunaita ili asipotee. Tuliita, naye akaitika. Mchana mzima tuliita naye akaitika. Alasiri sauti yake ilianza kutoka upande ambao hakuwa amekwenda. Baba akaniwekea mkono mdomoni akasema, "Wacha sasa. Usiite tena."

Mwili wa Okello ulipatikana wiki iliyofuata karibu na Kendu. Sisi hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba baada ya hapo baba aliacha kuzungumza nami, akawa anageuza kichwa mara kwa mara kama mtu anayesikia jina lake sokoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Alinipa mkate uliobaki, na kila nilipoamka nilimkuta ameketi vile vile nilivyomwacha. Nilikuwa naogopa, lakini woga wenyewe ulikuwa wa mtoto aliye na baba yake. Nilidhani jambo baya zaidi linaloweza kutokea ni kwamba tutakufa.

Yule jogoo tulikuwa naye muda wote huo, amefungwa mguu kwa kamba. Baba alikataa kumchinja. Ni jogoo wa wakwe, alisema, na mkwe hafiki matangani na mifupa. Hata tungemchinja, moto hatukuwa nao. Kila alfajiri aliwika, na kila alfajiri kwa sekunde chache ulidhani kuna boma karibu. Siku ya tano, jua likiwa utosini, kamba ikakatika. Jogoo akapiga mabawa akatua juu ya magugu. Hakuzama. Akajikung'uta, akaanza kuchakura majani na kudonoa wadudu, taratibu, kama yuko uani kwetu.

Baba akasimama. "Tumefika," akasema.

"Baba, hiyo ni maji."

"Hapana. Hapa ni Seme. Si unaona kuku? Moshi ya jikoni ile pale." Alikuwa anatabasamu. Akainua mguu akautoa nje ya mashua, ukazama hadi pajani, na hakuonekana kuhisi chochote. Nilimshika mshipi. Nikaita Baba, Baba, nikalia, nikavuta. Alinisukuma kwa kiwiko bila hasira, kama unavyomsukuma mbuzi mlangoni, nikaanguka juu ya ubao wa nyuma, mahali pa mwenye mashua. Mguu wa pili ukaanza kufuata.

Hapo ndipo nilipolitaja jina lake. Vijana wa leo hawataelewa uzito wa jambo hilo, maana wao huwataja wazazi kwa majina kama wachezaji wa timu. Enzi zetu kumtaja baba yako kwa jina mbele ya macho yake kulikuwa sawa na kumvua nguo. Lakini nilisema, kwa Kijaluo, "Zablon. Bed piny." Zablon, keti chini. Sikupaza sauti. Ilitoka nzito na ya polepole, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na mimi mwenyewe niliisikia kwa mshangao kama inavyosikika sauti ya mgeni aliyeingia bila hodi.

Baba aligeuka. Alitazama pale nilipokuwa, kisha akaurudisha mguu ndani, ukichuruzika maji na mizizi. Akaketi sakafuni mwa mashua, chini yangu, mikono katikati ya magoti. "Ee, Wuora," akasema. Mdomo wake haukupinda.

Kisha akaanza kuongea, akiwa ameinamisha kichwa. "Wuora, siku ile sikuwa mgonjwa. Ulisimama kwa mlango ukasema niamke twende, nikakuambia niko na homa. Uongo. Nilitaka kwenda mpira. Mama hajui. Hakuna mtu anajua. Kama ningekuja tungekuwa wawili kwa mashua."

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne mwenye kiu. Sikuelewa hata nusu. Nilichotaka ni aketi, aendelee kuketi, na ningesema lolote lile ili asisimame. Nikasema, "Nilijua. Niliona viatu vya mpira chini ya kitanda."

Baba alilia vile ambavyo sijawahi kumwona mtu mzima akilia. "Uliona," alisema. "Uliona, na ukaenda bila kusema kitu."

"Nimekusamehe. Usisimame tena."

Hakusimama tena. Jogoo aliendelea kuchakura hadi akafichwa na majani, na jioni tulimsikia akiwika mara moja kutoka mbali sana. Alfajiri ya siku ya sita upepo uligeuka, gugu likapasuka kama kitambaa kikuukuu, na njia ya maji ikafunguka hadi pwani. Wavuvi wa Kendu walituona na kutuvuta. Mama alikuja mbio pekupeku hadi kwenye zahanati, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja. Alipoleta uji, baba alimwambia, "Mpe Wuora kwanza." Mama akacheka akifuta machozi. Alidhani ni mzaha ule ule.

Kuhusu viatu, mniache niseme ninachojua, ambacho ni kidogo. Kila mvulana huficha vitu chini ya kitanda, kwa hiyo huenda nilibahatisha. Hivyo ndivyo ninavyojiambia mchana. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Dani kama baba alikuwa na viatu vya mpira ujanani. Alinishangaa. "Viatu gani? Zablon alikuwa anacheza miguu tupu kama wengine wote." Nikamuuliza baba mwenyewe. Akasema aliviazima kwa siri siku moja kabla, akavifunga ndani ya gunia. "Lakini si ni wewe uliviona?" akaongeza kwa upole. Sikumuuliza tena.

Tuliporudi Manyatta nilingoja maisha yarudi mahali pake. Siku ya kwanza mezani baba aliacha kiti chake, kile cha mikono, akaketi kwenye kigoda. Mama alipika kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na hakuna mtoto aliyewahi hata kuinusa, ikawekwa kwenye sahani yangu. Mama akamtazama baba. Baba akawa anakula. Nilikimeza kipande kile bila kutafuna, na sijawahi kula kitu kichungu hivyo.

Wala msidhani alikuwa amerukwa na akili. Ningepona haraka kama angekuwa amerukwa na akili. Alijua bei ya spoku, alijua siku, alijua niko darasa la nne na mwalimu wangu ni nani. Alinipigia pasi sare kila asubuhi, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Wuora, shule." Nikiingia alisimama. Nikizungumza alinyamaza. Ule mtalimbo wa baiskeli sikupakiwa tena, kwa sababu mtu hambebi baba yake kama mzigo. Alinikodishia baiskeli ya abiria yenye mto wa kukalia, naye akawa anatufuata nyuma. Mwalimu, kile kipande cha tyubu, alikitoa msumarini akakizibia pancha ya mteja.

Wenzangu walinionea wivu. Walisema mimi nina raha, sichapwi. Niliposhindwa mtihani na mwalimu wa darasa akamwandikia baba anichape, baba alifika shuleni amevua kofia akamwambia, "Mwalimu, mimi nitamchapa huyu namna gani?" Mwalimu akaambia darasa zima kwamba Ogola anadekezwa. Nikiwa na miaka kumi na moja nilichukua nyundo pale kibandani, mbele ya macho yake, nikavunja spoku za baiskeli ya mteja moja baada ya nyingine. Nilivunja tisa. Nilitaka anishike sikio. Nilitaka aniulize kama nina wazimu, aniambie niende nikalete kiboko, nami niende nikilia. Baba alivua kofia. "Wuora," akasema, "kuna mahali nimekosea?" Kisha akaketi akazibadilisha zote tisa. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia hadi nikatapika. Nilikuwa na baba hatua kumi kutoka hapo, mzima wa afya, na nilimlilia kama aliyekufa.

Mama alijaribu. Alitupeleka kwa maombi, akaficha kigoda, akaninong'oneza, "Wewe muite tu Baba. Muite kila siku. Atarudi." Nikamwita. Nilimwita Baba asubuhi na jioni, nilimwita hadi neno likakosa ladha, na kila mara aliitika haraka na kwa heshima kama mtu aliyeitwa na chifu. Nilipotaka ushauri wa kuoa, aliniambia mimi ndiye nijuaye. Siku ya harusi yangu baba za watu walisimama wakatoa mausia marefu ya kuchosha, na wageni wakapiga miayo. Wangu alisimama, akanitazama, akasema ana shukrani, akaketi. Ningetoa chochote nipate mausia ya kuchosha.

Mama sasa ni marehemu. Mimi nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki Nyamasaria, tumbo limeanza kunitangulia, na baba amerudi Seme. Desemba iliyopita nilikwenda kumwona peke yangu. Nilimkuta mlangoni akitengeneza baiskeli ya mtoto wa jirani. Aliponiona akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani kwa hatua za taabu na kutoka amebeba kiti. Mzee wa zaidi ya miaka sabini anambebea mwanawe kiti. Nilikuwa nimeliona hilo mara elfu, na siku hiyo likanishinda.

"Baba, keti wewe," nikamwambia. "Tafadhali. Mimi si Mzee. Mimi ni mtoto wako."

Alibaki ameshika kiti. Alinitazama usoni, macho maangavu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni niliona kwamba ananiona mimi. "Najua," akasema. "Unafikiri mimi sijui? Si mimi nilikushika ukilia siku nne? Nakujua hata kwa giza."

Nikanyoosha mkono nipokee kiti, naye hakukiachia.

"Hata kule ziwani nilijua, kesho yake, upepo ulipogeuka. Nilikuangalia umelala, nikaona ni nyathina, mtoto wangu, mdogo hivi." Akakiweka kiti chini akakiegemea. "Lakini ukiwa mtoto, basi hakuna mtu alinisamehe. Ni mtoto tu alikuwa anaogopa."

Jua lilikuwa linawaka, kuku wanazurura uani, na nyuma ya nyumba lilionekana kaburi la tunda. Alikuwa anajua. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, pasi mkononi, alinitazama akajua mimi ni nani, akachagua. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nilitaka kumwambia kwamba aliniuza ili anunue usingizi wake, na kwamba mimi nilikuwa na miaka kumi tu. Lakini alikuwa amesimama pale akingoja, mzee mwembamba aliyeinama juu ya kiti, akiniangalia mdomo. Nilielewa kwamba anaingoja hukumu, na kwamba nikidai baba yangu siku hiyo nitampata, na atakuwa mtu asiyesamehewa kwa muda wote uliombakia.

Nikachukua kiti nikaketi.

"Mvua zimekuwaje huku, Zablon?" nikamuuliza.

Mabega yake yakashuka. Alivuta kigoda akaketi karibu na magoti yangu. "Si mbaya, Wuora," akasema, akaanza kunieleza habari za mahindi.

Niliporudi Nyamasaria jioni nilimkuta Felix amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya meza, simu juu ya pua. Ana miaka kumi na tano na hajawahi kusimama mtu akiingia. "Buda, umeniletea nini?" akaniuliza, kwa neno lao la kumwita baba, bila kuinua macho. Watu wa rika langu wananielewa. Sisi tulisikia kikohozi cha baba kutoka langoni na nyumba nzima ikajipanga. Nilimwambia atoe miguu mezani. Akasema sekunde moja. Nikamwambia asiyesikia la mkuu, na kabla sijamaliza akanikatiza kwamba huo msemo umepitwa na wakati. Niligomba hadi majirani wakasikia. Alinijibu, nikamjibu, akaingia chumbani kwake na kuubamiza mlango. Enzi zetu mlango huo ungefunguliwa kwa kiboko. Nilikaa pale kwenye kochi, joto lake likiwa bado kwenye mto, nikamsikiliza akininung'unikia huko ndani kwamba baba yake ni mkoloni, na nikamwonea wivu.